Uvimbe wa filodesi kwenye titi la mjamzito: kisa cha wifi yangu

Wifi yangu ameniruhusu nikiandike hiki kisa chote, ila jina lake, kijiji na hospitali alizopita niviache, na nimeviacha. Naandika kama ndugu na pia kama mkunga, manake kuna siku kwenye hiki kisa watu wazima walikaa wakaanza kujadili mimba itolewe au ibaki, wakati hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua huo uvimbe ni wa aina gani. Hiyo siku sijaisahau. Mambo mengine yote ninayoyaeleza hapa chini yanazunguka hapo, kwamba kabla ya kuamua lolote kuhusu mimba lazima kwanza kipande cha nyama kitoke kipimwe kijulikane ni nini.

Basi tuanze. Wifi ana miaka 31, hiyo ilikuwa mimba ya pili, mtoto wa kwanza alimzaa kawaida na akamnyonyesha mpaka mwaka na nusu bila shida yoyote, na kwao hakuna mtu aliyewahi kuugua kansa ya titi. Mimba ikiwa na wiki kama 14 akawa anaoga akahisi kinundu titi la kushoto, upande wa juu kwa nje, ukubwa kama ndimu. Hakiumi, ukikisukuma kinateleza, ngozi ya juu ipo kawaida, chuchu haitoi kitu. Akasema kliniki, akaambiwa ni maziwa yanajiandaa arudi nyumbani. Mama yetu naye (ambaye kwake ni mama mkwe) akasema hivyohivyo, maziwa yamegandiana, akawa anamkanda kila jioni kwa kitambaa cha maji ya moto, na kwa kweli alifanya kwa upendo wote.

Sasa kabla mtu hajamlaumu huyo nesi, niseme kwamba mimba inabadilisha matiti sana, yanajaa, yanakuwa na mabonge, na mengi ya hayo mabonge ni salama kabisa, kuna vijifuko vya maziwa, kuna vivimbe vya tezi za maziwa vinavyotokea mimba ikikua na kupotea baada ya mtoto kuacha kunyonya, kuna jipu, kuna hata kifua kikuu cha titi ambacho kwetu tunakiona. Kwa hiyo kusema "ni maziwa" siyo ujinga. Shida ni kuishia hapo. Utaratibu unaojulikana ni kwamba kinundu chochote kwenye titi la mjamzito au anayenyonyesha kikikaa zaidi ya wiki mbili bila kuondoka kinapimwa kwa altrasaundi, hakisubiri kujifungua. Altrasaundi haina mionzi, haimgusi mtoto, na hospitali nyingi za wilaya sa hivi ipo kwa sababu ndo hiyohiyo wanayoangalizia mimba.

Yeye aliipata wiki ya 18, na hapo kinundu kilishafika sentimita 5 na nusu. Majibu yakaandikwa uvimbe wa mviringo, kingo safi, ndani kuna vinafasi vidogo vyenye maji, yawezekana ni faibroadenoma. Faibroadenoma ni ule uvimbe wa kawaida sana kwa wasichana na wanawake vijana, siyo kansa. Wakamchoma sindano nyembamba, wakavuta seli, majibu yakarudi faibroadenoma. Nyumbani watu wakashukuru Mungu, kaka yangu akanipigia usiku huohuo anacheka, na mimi nikafurahi naye, ila nikamwambia tuendelee kuupima kwa rula kila wiki tuone.

Hapo kwenye sindano nyembamba panahitaji maelezo maana ndo panapopoteza watu wengi. Faibroadenoma na filodesi (ule uvimbe adimu wa titi ambao ndo wa kisa hiki) ni ndugu wa damu, yote mawili yana sehemu mbili ndani yake, tezi na ile nyama inayoshikilia tezi ambayo madaktari wanaiita stroma. Tofauti ipo kwenye hiyo stroma, ina seli nyingi kiasi gani, zinagawanyika kwa kasi gani, na imejipangaje kuzunguka tezi. Sindano nyembamba inakuletea seli zilizotawanyika tu, mpangilio wenyewe huuoni. Halafu kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui, seli za titi la mjamzito zenyewe zinakuwa na fujo kwa sababu ya homoni, kwa hiyo msomaji wa maabara asipoambiwa huyu mama ni mjamzito wa wiki kadhaa anaweza kukosea pande zote mbili, akaona kansa isiyokuwepo au akaipuuza iliyopo. Kwenye fomu ya wifi ile ya kwanza sehemu ya maelezo ya mgonjwa iliandikwa "uvimbe titi kushoto" basi. Mimba haikutajwa. Kama wewe ni mjamzito na unapelekwa kuchukuliwa kipimo cha titi, omba uone wameandika mimba na wiki zake kwenye fomu, ni haki yako na hakuna daktari makini atakayekasirika.

Wiki ya 21 rula ikasoma sentimita 9. Ngozi imevutika inang'aa, mishipa ya damu inaonekana, titi la kushoto limekuwa kubwa mpaka anashindwa kulala upande huo. Faibroadenoma nayo inaweza kukua kwenye mimba, kweli, lakini kukaribia mara mbili ndani ya wiki tatu kwa mtu wa miaka 31 ni kengele. Wakampeleka hospitali nyingine, na huko mhudumu mmoja akaangalia kwa macho, akashika, akamwambia kaka nje ya mlango kwamba hii ni kansa na mimba itolewe ili mama aanze matibabu. Kwa macho tu jamani.

Ile jioni ilikuwa nzito. Kaka alikuwa anasema mke kwanza, mtoto tutapata mwingine. Mama akawa analia anasema hawezi kuruhusu. Shangazi mmoja akaleta habari za jicho na mganga. Wifi mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Alipokuja kuongea alisema kitu kimoja tu, "mtoto ameanza kucheza, nyie mnamuongelea kama hayupo." Mimi nikawaambia kwa simu, nikiwa mbali, wasiamue chochote mpaka kipande cha kutosha kitolewe kwa sindano nene, na kwamba hata ikitokea ni kansa ya titi ya kawaida, kutoa mimba hakujaonyesha kumwongezea mama uhai, wajawazito wanafanyiwa upasuaji wa titi, na hata dawa za kemo zipo zinazotumika kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita. Vinavyozuiliwa kwenye mimba ni pamoja na mionzi ya tiba na zile dawa za homoni kama tamoksifeni, hizo zinasubiri mtoto azaliwe. Kwa hiyo wazo la kwamba mimba na matibabu haviwezi kukaa pamoja ni la zamani na linaumiza watu.

Kaka akauza ng'ombe wawili, wakaenda hospitali ya rufaa. Huko kipande kikachukuliwa kwa sindano nene, wiki ya 22, kwa ganzi ya pale pale tu. Ganzi hiyo haimdhuru mtoto. Alielezwa mapema kwamba titi la mjamzito lina damu nyingi kwa hiyo anaweza kuvilia, na kwamba mara chache tundu la sindano linaweza kuvuja maziwa, akakubali. Na safari hii fomu ilijazwa vizuri, mimba wiki 22, uvimbe umekua kwa kasi, sindano ya kwanza ilisema faibroadenoma. Majibu yakaja: uvimbe wenye tezi na stroma, stroma ina seli nyingi, filodesi inashukiwa, uondolewe wote ukiwa mzima ndo upimwe vizuri. Kumbuka hata sindano nene haikutoa jibu la mwisho, na hilo ni kawaida kwa filodesi, kipande kinaweza kutoka sehemu tulivu ya uvimbe wakati sehemu kali iko sentimita mbili pembeni.

Filodesi ni nini sasa. Ni uvimbe adimu, haufiki asilimia 1 ya vivimbe vyote vya titi. Aliyeuelezea kwanza ni Mjerumani Johannes Müller mwaka 1838. Kwa kawaida unawapata wanawake wa miaka ya arubaini, ndo maana kwa binti wa miaka 31 kila mtu anafikiria faibroadenoma kwanza. Upo wa aina tatu: usio kansa, ambao ndo mwingi zaidi, wa katikati, na ulio kansa. Na tabia yake haifanani na kansa ya titi tuliyoizoea. Ile tuliyoizoea inapenda kupita kwenye tezi za kwapani, filodesi ile mbaya inapita kwenye damu na mara nyingi inakwenda mapafuni, kwapani ni nadra sana. Dawa za homoni hazina kazi hapa. Kemo haina nafasi kubwa. Dawa yake ni kisu, ukatwe wote pamoja na nyama safi kuuzunguka, ikiwa ni kansa wakati mwingine wanaongeza mionzi baadaye. Uhusiano wake na mimba haujathibitishwa kwamba mimba ndo inausababisha, ila visa vya filodesi kukua haraka kwenye mimba vimeandikwa, vichache, kimoja kimoja toka nchi tofauti. Kwa hiyo madaktari wenyewe hawana kitabu kinene cha kufuata, wanaunganisha wanachojua kuhusu filodesi na wanachojua kuhusu upasuaji kwa mjamzito.

Na hapo ndo unaona kwa nini jina la uvimbe lilikuwa muhimu kuliko kitu kingine. Kama wangetoa mimba ile wiki ya 21, wangeitoa kwa ajili ya kemo ambayo wifi hakuihitaji.

Swali likawa operesheni sasa hivi au baada ya kujifungua. Kusubiri maana yake ni wiki karibu 16 na uvimbe unaoongezeka hivyo, ngozi ingeweza kupasuka ikawa kidonda, na badala ya kukata sehemu wangeishia kuondoa titi lote. Kukata sasa maana yake nusu kaputi kwa mjamzito na hofu ya uchungu kuanza kabla ya wakati. Upasuaji ambao hauwezi kusubiri unafanyika wakati wowote wa mimba, ila miezi ya kati ndo inapendelewa, hatari ya mimba kutoka imepungua na tumbo bado halijawa kubwa la kusumbua thieta. Wakapanga wiki ya 24. Daktari wa upasuaji, daktari wa wajawazito, mtu wa usingizi na daktari wa watoto wachanga walikaa pamoja kabla, na wifi na kaka wakaitwa ndani wakasikiliza, hilo nalisifu kwa moyo wote kwa sababu ndo mara ya kwanza tangu wiki ya 14 mtu alimwangalia wifi usoni na kumuuliza yeye anataka nini. Akasema anataka uvimbe utoke na mtoto abaki.

Thieta walimlaza ameinamia kidogo upande wa kushoto, wakaweka mto chini ya nyonga ya kulia. Hii ni ndogo lakini kubwa, kuanzia wiki 20 hivi mjamzito akilala chali kabisa tumbo linakandamiza mshipa mkubwa wa damu inayorudi moyoni, presha inashuka, mtoto anakosa hewa. Mapigo ya mtoto yakasikilizwa kabla na baada. Maumivu alipewa parasetamo na dawa ya jamii ya mofini kwa siku ya kwanza, diklofenaki wakaikataa, kwa kuwa dawa za kundi hilo kuanzia wiki 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na maji ya mimba, na mimba ikikua zaidi zinaweza kuufunga mshipa wa moyo wa mtoto kabla ya wakati wake. Nakitaja hiki kwa herufi kubwa maana diklofenaki kwetu inachomwa kama maji na inauzwa kila duka la dawa. Mjamzito asiichukue bila kuuliza.

Walikata uvimbe na nyama safi kama sentimita moja kuuzunguka, titi likabaki, limepungua na lina kovu refu lakini lipo. Kwapani hawakugusa. Mtoto alicheza usiku uleule.

Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu, na wale wanaofanya kazi mikoani wanajua wiki tatu ni afadhali. Uvimbe sentimita 9 na nusu, seli zinazogawanyika 6 kwenye maeneo 10 ya hadubini. Hiyo namba ina maana yake, chini ya 5 unaelekea kwenye usio kansa, 5 mpaka 9 ni wa katikati, 10 kwenda juu unaelekea kansa, ingawa hawaangalii namba peke yake, wanaangalia pia kingo, sura za seli na kama stroma imezidi mpaka tezi hazionekani. Wa wifi ukawa wa katikati. Kingo zote zilikuwa na nyama safi ya kutosha isipokuwa ya nyuma, kwenye misuli ya kifua, nyama safi ilikuwa milimita 2 tu.

Milimita 2 hizo zilileta mjadala mrefu kuliko operesheni yenyewe. Kwa filodesi ya katikati na ya kansa mwongozo uliozoeleka ni sentimita moja. Lakini wapo madaktari siku hizi wanaosema la msingi ni ukingo kuwa safi, upana wake siyo jambo la kufa na kupona. Kuna utafiti wa Singapore wa mwaka 2012 uliofuatilia wanawake 605 wenye filodesi, ukaonyesha vitu vinne ndo vinatabiri uvimbe kurudi: sura za seli, kasi ya kugawanyika, stroma kuzidi, na ukingo wa upasuaji. Kwa hiyo ukingo siyo wa kupuuza, ila kwa mama aliye wiki 27 unapima pia nusu kaputi ya pili. Jopo likaamua wasubiri, wampime kwa altrasaundi kila mwezi, kovu likionyesha kitu waingie, lisipoonyesha warudie kukata nyuma baada ya kujifungua. Mimi kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa busara, uvimbe wa katikati ukirudi kwa kawaida unarudi palepale kwenye titi, na miezi mitatu ya kuangaliwa kwa karibu siyo sawa na miezi mitatu ya kuachwa.

Mapafu yakapigwa picha ya eksirei tumbo likiwa limefunikwa na aproni ya risasi. Mama yetu aliogopa sana hii picha. Kipimo cha mionzi kinachomfikia mtoto kwenye eksirei ya kifua ni chini ya miligrei 0.01, na wasiwasi wa madhara unaanza kuzungumzwa kuanzia miligrei 50. Baada ya kuelezwa hivyo kwa Kisukuma na daktari kijana aliyekuwepo pale, akatulia. Mapafu yalikuwa safi. CT skani ikaachwa mpaka baada ya uzazi.

Miezi iliyobaki ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia, kasoro usingizi wake, alikuwa anaamka usiku anapapasa kovu. Mtu wa hivi anahitaji wa kuongea naye na sisi ndugu tulikuwa tunamwambia "usiwaze", neno ambalo halisaidii kitu. Aliyemsaidia ni mama mmoja wa kanisani aliyewahi kutolewa titi, alikuwa anakuja anakaa naye tu, wanachambua mboga.

Alijifungua wiki ya 38, kawaida, hakukatwa, maana filodesi siyo sababu ya kisu cha uzazi. Mtoto wa kike kilo 3. Akamnyonyesha titi la kulia peke yake, na titi moja linatosha, mwili unazalisha kadiri mtoto anavyonyonya. La kushoto hawakulikamua, wakaliacha likauke taratibu, na hii ilipangwa makusudi, kwa sababu ukikata titi lenye maziwa kidonda kinaweza kugeuka njia ya maziwa na kisifunge kwa wiki nyingi. Mtoto alipofika miezi minne wakaingia tena, wakakata ile sehemu ya nyuma pamoja na utando wa misuli. Maabara haikukuta masalia yoyote ya uvimbe. CT skani ya kifua safi. Mionzi hakupewa, haikuhitajika, na kama ingehitajika kwa ukanda wetu ipo hospitali ya Bugando, Mwanza, siyo lazima mtu asafiri mpaka Ocean Road, Dar es Salaam.

Sa hivi anaonwa kila baada ya miezi sita, daktari anashika titi, altrasaundi, na eksirei ya kifua. Filodesi ikirudi mara nyingi inarudi ndani ya miaka miwili mitatu ya kwanza, na kwa ile ya katikati tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha inarudi kwa takriban asilimia 13. Yeye hiyo asilimia anaijua, aliiuliza mwenyewe. Ameuliza pia kuhusu mimba nyingine, na daktari hakumkatalia, alimwomba avuke kwanza hiyo miaka miwili, na siku akishika mimba aje na karatasi zake zote za maabara kwenye kliniki ya kwanza kabisa, titi lipimwe kwa altrasaundi toka mwanzo. Karatasi zenyewe anazitunza kwenye bahasha moja na kadi ya mtoto.